Barua zenu: Chico Mendes, mgema mpira aliyeilazimisha Brazil ibadili sheria

Toleo lililopita tuliweka ukurasa mmoja tu juu ya Chico Mendes, yule mgema mpira wa jimbo la Acre kule Brazil aliyepigwa risasi Desemba 1988 kwa sababu ya kutetea msitu wa Amazon, na kusema kweli sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Asanteni sana. Wengi mmeuliza alivyokufa, na nitajibu, ila mniruhusu nikae zaidi kwenye yale aliyofanya akiwa hai, maana tumezoea kumkumbuka kama marehemu tu wakati yule bwana na wenzake waliacha sheria inayofanya kazi mpaka leo. Mengine yatakuja toleo lijalo.

"Dada shikamoo. Mimi nagema mpira huku Muheza, Tanga. Miti yetu iko shambani kwa mistari, unaanza huu unaenda unaofuata mpaka unamaliza, huna haja ya kuingia porini. Sasa hao wa Brazil waling'ang'ania msitu wa nini? Si wangepanda shamba kama sisi na yakaisha?" (Mgema, Muheza)

Marahaba ndugu yangu, na nimeweka swali lako la kwanza makusudi, kwa sababu mtu asipolielewa hili basi habari nzima ya Chico ataiona kama ubishi tu wa watu wasiotaka maendeleo.

Mpira unaougema wewe kwao ni hukohuko Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alisafirisha mbegu kama 70,000 kutoka Brazil mpaka bustani ya Kew kule London, kutoka hapo miche ikapelekwa Asia, ikapandwa kwa mistari kama hiyo ya kwenu, na ilipofika miaka ya 1910 mpira wa mashamba ya Asia ukawa mwingi na rahisi kiasi kwamba Amazon ikafilisika. Na kishindo kilifika mpaka kwenu, maana Wajerumani walikuwa wamepanda Usambara na Muheza aina nyingine ya mpira, ule unaoitwa mpira wa Ceará, nao ukaanguka mwaka 1913 kwa bei hiyohiyo ya Asia. Ceará ni jimbo kavu la kaskazini mashariki mwa Brazil, na ndo huko familia ya Chico ilikotoka kwenda Acre kutafuta maisha ya kugema. Dunia ni ndogo.

Sasa kwa nini wasipande shamba. Kule kwao kuna ukungu unaoshambulia majani ya mpira, na miti ikikaa karibukaribu ukungu unaruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine mpaka shamba lote linabaki vijiti. Tajiri wa magari Henry Ford alijaribu kuanzia mwaka 1928, akajenga mji mzima msituni akauita Fordlândia, hela zikamwagika na mpira hakupata, mwishowe akaachia. Asia na Afrika huo ukungu haujafika, ndo maana wewe unagema kwa mistari bila wasiwasi. Amazon mti wa mpira uko salama pale tu ulipotawanyika katikati ya miti mingine mamia, mmoja hapa, mwingine hatua nyingi kule. Kwa hiyo mgema wa kule ana njia zake zinazozunguka msituni, familia moja ina njia mbili tatu, kila njia ina miti kama 100 mpaka 200 hivi, anaamka alfajiri anachanja, anarudi tena njia ileile kukusanya utomvu. Ukipiga hesabu familia moja inahitaji mamia ya hekta za msitu uliosimama. Halafu msimu wa mvua anaokota zile njugu kubwa za Brazil, na mti wake nao ukiubakiza peke yake katikati ya malisho unaacha kuzaa vizuri kwa sababu nyuki wanaouchavusha wanakaa msituni. Ukiukata msitu umeikata kazi yake yote, hamna namna ya kumwambia hamia shamba la jirani.

"Shikamoo. Niko kidato cha tatu Dodoma. Umeandika Chico hakwenda shule. Mtu asiyesoma anatungaje sheria?" (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Hakwenda shule kwa sababu shule haikuwepo, na haikuwepo kwa sababu mabosi hawakuitaka. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1944 karibu na mji mdogo wa Xapuri, na alipofika umri wa miaka 9 hivi tayari anaingia msituni na baba yake kugema. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: mwenye eneo ndo mwenye duka, sukari, chumvi, risasi, kisu cha kugemea, vyote unachukua kwake kwa mkopo kwa bei anayotaka yeye, na mpira wako unamuuzia yeye peke yake kwa bei anayotaka yeye, mwisho wa mwaka daftari linasema bado unadaiwa. Sasa mtu akijua kusoma na kujumlisha si atalisoma hilo daftari? Basi ndo hapo utaona kwa nini shule zilipigwa marufuku.

Aliyemfundisha ni mtu aliyekuwa amejificha msituni, Euclides Távora, mwanajeshi wa zamani aliyekimbia kwa sababu za kisiasa baada ya kushiriki maasi ya miaka ya 1930. Chico akiwa kijana anatembea msituni masaa kadhaa mwisho wa wiki mpaka kwa huyo mzee, wanasoma magazeti yaliyochakaa, wakija kupata redio wanasikiliza matangazo ya Kireno kutoka Moscow, kutoka London na kutoka Marekani, halafu wanalinganisha habari ileile moja ilivyosemwa na kila mmoja. Mie hapo huwa nasimama kidogo, kwa sababu hilo ndo somo lenyewe la uraia, kujua kwamba kila anayekusimulia ana upande wake, na watu wengi wenye digrii hawajawahi kufundishwa. Mzee huyo pia alimwambia siku vyama vya wafanyakazi vitakapofika huku uingie, hata kama vina kasoro, ndo utakapokutana na watu wako.

Na alivyofika ukubwani hakukaa na elimu yake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1981 yeye na wenzake, pamoja na mwanaanthropolojia Mary Allegretti, walianzisha shule za wagema humohumo msituni, watu wazima wakajifunza kusoma na kuhesabu kilo zao. Kwa hiyo nikujibu moja kwa moja mwanangu: sheria ile hakuitunga peke yake wala hakuandika vifungu kwa mkono wake, ila wazo lake, lile ambalo wanasheria walikuja kuliandika vizuri baadaye, lilitoka kwa watu waliojifunza kusoma wakiwa na mvi.

"Hao wagema walizuiaje matajiri wenye bunduki na hati za ardhi? Naomba unieleze kwa kina, mimi ni mwanaharakati mdogo huku Kisumu." (Msomaji, Kisumu)

Ngoja nianze na hali ilivyokuwa. Miaka ya 1970 serikali ya kijeshi ya Brazil iliwapa wafugaji wakubwa kutoka kusini unafuu wa kodi na mikopo waje wafungue ranchi Amazon, maeneo ya mpira Acre yakauzwa pamoja na watu waliomo ndani kama vile hawapo. Nyumba zikachomwa moto, familia maelfu zikakimbilia Bolivia au pembezoni mwa mji wa Rio Branco kuishi kwenye mabanda. Mwaka 1975 kikaundwa chama cha wafanyakazi wa vijijini pale Brasiléia, ambacho Wilson Pinheiro alikuja kukiongoza, na Chico akiwa katibu, na mwaka uliofuata wakaanza kitu walichokiita *empate*.

Inavyokwenda ni hivi, zinapatikana habari kwamba tajiri fulani kaleta vibarua na misumeno ya injini wanaanza kufyeka, basi watu wanatumana usiku, nyumba kwa nyumba, na kule nyumba na nyumba ni mwendo mrefu, wanakusanyika mia moja, mia mbili, wanaingia msituni kwa miguu wanaume kwa wanawake na watoto, mara nyingi kina mama na watoto ndo wanatangulia mbele, wakikuta askari wanaimba wimbo wa taifa ili askari naye asimame vizuri. Halafu wanawaendea wale vibarua wanaongea nao, hawawapigi. Wanawaambia nyie ni maskini kama sisi, msitu huu ukiisha hata nyie kazi imeisha, wekeni chini misumeno mwende nyumbani. Wengi walikuwa wanaondoka kweli, wengine waligeuka wakawa upande wa wagema. Baada ya hapo wanavunja kambi ili kazi isiendelee kesho.

Usidhani walikuwa wanashinda kila mara. Kwa hesabu ya Chico mwenyewe, ndani ya miaka 12 walifanya empate 45, wakashindwa 30 wakashinda 15, ila hizo 15 ziliokoa zaidi ya hekta milioni moja za msitu. Naipenda hesabu hiyo kwa sababu hakuficha zile 30.

Na gharama ilikuwepo. Tarehe 21 Julai 1980 Wilson Pinheiro alipigwa risasi akiwa ofisini kwa chama, hakukamatwa mtu, siku chache baadaye baadhi ya wagema kwa hasira wakamuua msimamizi wa shamba moja, na hapo dola ikaamka mara moja, mamia wakakamatwa na wengine kuteswa. Chico akashtakiwa kwa sheria ya usalama wa taifa pamoja na Lula, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais, akaja kuachiwa huru baadaye. Kwa hiyo mdogo wangu wa Kisumu, ukiniuliza nini cha kujifunza hapo nitakwambia ni nidhamu ya kutojibu kwa bunduki hata pale unapochokozwa vibaya, kwa sababu siku walipojibu kwa damu ndo siku waliyoipa dola sababu ya kuwakamata.

"Naomba utaje sheria yenyewe. Kila mahali naambiwa 'alibadili sheria' lakini hakuna anayesema ni sheria gani na inasemaje." (Wakili, Arusha)

Wakili umesema kweli na mie jambo hilo linanikera pia, basi tukae hapa kidogo.

Kabla ya wagema, kwa mtu asiye mwenyeji wa asili sheria ya Brazil ilikuwa na vyumba viwili tu. Kimoja ni hifadhi kama mbuga, ambamo mtu haruhusiwi kuishi, ukikutwa wewe ni mvamizi. Kingine ni ardhi ya kugawa, na wakala wa ardhi alikuwa anagawa viwanja vya mraba, hekta 50 au 100 kwa kila familia, vimepigwa kamba mistari mirefu kando ya barabara. Mgema haingii popote hapo. Akiwekwa mbuga anafukuzwa, akipewa mraba njia zake za mpira zinakatwa vipandevipande, zinaangukia kwa majirani watatu wanne, na baada ya miaka michache anauza mraba kwa mfugaji.

Oktoba 1985 wagema zaidi ya mia kutoka majimbo ya Amazon walikutana Brasília, makao makuu ya nchi, wengi ilikuwa ndo mara ya kwanza kufika huko, wakaunda baraza lao la taifa, na hapo ndo likatolewa wazo la hifadhi ya wavunaji. Wazo lilichukuliwa kwa wenyeji wa asili wa Amazon. Wao tayari walikuwa na ardhi zao zilizotengwa, ardhi ni ya dola, matumizi ni ya kwao daima. Wagema wakasema na sisi tunataka hivyo. Na hapa kuna jambo kubwa mno, kwa sababu tangu enzi za mabosi wa mpira wagema na wenyeji walikuwa maadui wa damu, mabosi waliwatuma watu wao kuwafukuza na kuwaua wenyeji ili wafungue njia za mpira. Watu hao waliochinjana vizazi na vizazi wakaja kukaa meza moja na kuunda Umoja wa Watu wa Msitu. Sijui wangapi kati yetu wangeweza.

Baada ya hapo hatua zilikuwa hizi. Mwaka 1987 wakala wa ardhi akakubali aina mpya ya makazi ya wavunaji bila kukata miraba. Oktoba 1988 Brazil ikapata katiba mpya, na ibara ya 225 ikampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, Chico aliiona hiyo, alikuwa hai bado miezi miwili na kidogo. Julai 1989 hifadhi za wavunaji zikaingizwa kwenye sheria ya sera ya mazingira ya taifa. Tarehe 30 Januari 1990 ikatoka amri ya rais namba 98.897 iliyoeleza zinaundwaje na zinaendeshwaje. Wiki moja kabla yake ilikuwa imetangazwa hifadhi ya kwanza, Alto Juruá, na tarehe 12 Machi 1990 ikatangazwa ile ya Xapuri na jirani zake yenye zaidi ya hekta laki 9, ikapewa jina la Chico Mendes. Halafu mwaka 2000 ikapitishwa sheria namba 9.985 iliyopanga hifadhi zote za nchi, na kifungu cha 18 ndo kinachohusu hizi. Tangu 2007 taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa nayo inaitwa kwa jina lake.

Inasemaje sasa? Ardhi inabaki mali ya umma, wenye hati binafsi waliomo ndani wanalipwa fidia wanatoka. Jamii inapewa mkataba wa kutumia, mkataba huo hauuziki. Kunakuwa na baraza lenye uamuzi, ambamo wakazi wanakaa pamoja na serikali, na mpango wa matumizi unaosema kila familia inaweza kulima kiasi gani, kufyeka kiasi gani. Uchimbaji madini marufuku, uwindaji wa starehe na wa biashara marufuku, kuvuna mbao ni kwa njia endelevu tu na kama kazi ya nyongeza. Ukiangalia vizuri wakili, kitu kipya ni kwamba sheria ilikubali mtu anayeishi msituni ndo mlinzi wake wa kwanza, kabla ya hapo ilimhesabu kama tatizo.

"Nyie waandishi mnawasifu watu wanaozuia barabara. Mje huku kwetu Kigoma mama mjamzito anavyobebwa kwenye machela wakati wa mvua ndo mtajua umuhimu wa lami. Huyo Chico alikwenda Marekani kuomba nchi yake inyimwe mkopo wa barabara. Huo ni uzalendo?" (Msomaji mwenye hasira, Kigoma)

Kaka pole sana na hali ya barabara, na hasira yako ina haki, sitaki kuipita juujuu. Ni kweli alikwenda. Machi 1987 alifika Miami kwenye mkutano wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, benki hiyo ndo ilikuwa inatoa fedha za kuweka lami barabara ya BR-364 kutoka Porto Velho kwenda Rio Branco, kisha akaenda Washington, na mwaka huohuo malipo yakasimamishwa. Kwao wanasiasa walimwita adui wa maendeleo, maneno hayohayo unayoyasema wewe.

Lakini sikiliza alichokuwa amekiona. Barabara hiyohiyo upande wa nyuma yake, jimbo la jirani la Rondônia, ilikuwa imeshawekwa lami kufikia 1984 kwa fedha za Benki ya Dunia, na lami ilipofika wakamiminika watu mamia kwa maelfu, msitu ukaungua, wenyeji wakafa kwa magonjwa na risasi, na wale wakulima wadogo walioletwa kwa ahadi ya ardhi wengi wakaishia kuuza kwa matajiri wa ng'ombe. Mikataba ya mkopo ilikuwa na masharti ya kulinda watu na msitu, yameandikwa vizuri kabisa, hakuna aliyeyatekeleza. Chico hakusema barabara isijengwe milele. Alisema yale masharti mliyotia saini yatekelezwe kwanza, tutengeeni ardhi yetu kabla lami haijafika maana ikifika hatutakuwa na uwezo tena. Na lami ilikuja kuwekwa baadaye. Mgonjwa wa Acre leo anapita hapo kwa gari. Tofauti ni kwamba ilipofika, hifadhi zilikuwa zimeshachorwa.

Mwaka huohuo wa 1987 alipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Wangari Maathai wetu naye alipewa tuzo hiyohiyo, na kwao aliitwa majina kwa kuzuia jengo refu lisijengwe Uhuru Park, na wengi waliomkejeli siku zile leo wanakwenda kupunga upepo palepale.

"Waliomuua walifungwa?" (Ujumbe mfupi, Mombasa)

Walifungwa. Mfugaji Darly Alves da Silva alinunua madai ya ardhi kwenye eneo la Cachoeira, ambako ndo Chico alikulia, wagema wakaweka empate, na mwaka 1988 serikali ikalitwaa eneo hilo kwa ajili yao. Vitisho vikazidi. Chico aligundua pia kwamba Darly alikuwa na hati ya kukamatwa ya zamani kutoka jimbo la Paraná kwa kesi ya mauaji, akaifikisha polisi, ikakaa. Alitangaza hadharani kwamba atauawa na akataja majina. Jioni ya tarehe 22 Desemba 1988, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, alikuwa jikoni kwake Xapuri, askari wa kumlinda walikuwa wanacheza domino, akachukua taulo atoke mlango wa nyuma kwenda kuoga bafu la nje, akapigwa risasi hapohapo. Mke wake Ilzamar na watoto wawili wadogo walikuwa ndani.

Desemba 1990 Darly na mwanawe Darci, aliyefyatua, walihukumiwa miaka 19 kila mmoja. Mwaka 1993 wakatoroka jela, wakakamatwa tena 1996. Wilson Pinheiro, yule wa 1980, kesi yake haikuwahi kumpata mtu.

"Sisi ni wavuvi wa Lamu. Hizo hifadhi ni za msituni tu au na baharini zipo?" (Kikundi cha wavuvi, Lamu)

Zipo, na ndo moja ya mambo yanayonifurahisha kwenye habari hii, kwamba wazo la wagema lilishuka mpaka pwani. Mwaka 1992 ilitangazwa Pirajubaé, kwenye mji wa Florianópolis kusini mwa Brazil, kwa ajili ya watu wanaookota chaza kwenye matope na kuvua karibu na mikoko, baadaye zikafuata nyingine nyingi hasa jimbo la Pará kwenye mikoko mikubwa, wanakovua kaa. Kanuni ni ileile, bahari na mikoko ni ya umma, wanaovua ndo wanaokaa kwenye baraza, mgeni hawezi kuja na hati ya hoteli akafunga njia ya kushukia pwani. Nyie mna vikundi vya kusimamia mialo vinavyotambuliwa na sheria, lakini haki ya eneo lenyewe bado haijawa na nguvu kama hiyo. Mnakumbuka kesi ya bandari ya Lamu mwaka 2018, mahakama kuu ilisema wavuvi walikuwa na haki ya kushirikishwa na kulipwa. Mlishinda kwa sababu ya katiba ya 2010. Hoja ya kudai sasa ni haki ya kuamua kabla, ili msisubiri fidia ya baadaye.

"Mimi ni mjumbe wa kamati ya msitu wa kijiji wilaya ya Liwale. Msitu wetu upo kisheria. Vijana wanasema tukate kipande tulime ufuta maana ufuta unalipa haraka. Je hiyo hifadhi ya Chico Mendes leo ipo, au nao walishindwa? Tunataka kujua kabla hatujaamua." (Mjumbe, Liwale)

Mjumbe, hili ni swali gumu kuliko yote na nitakwambia yote, mazuri na mabaya.

Hifadhi ipo. Ukitazama picha za setilaiti za Acre unaona mpaka wake wazi, nje malisho, ndani msitu. Ila ng'ombe wameingia ndani pia. Bei ya mpira ilishuka, na familia nyingi za wagema zimeanza kufuga kwa sababu hiyohiyo ya vijana wenu, ng'ombe anauzika leo, mtoto akiumwa leo. Wengine wanauziana maeneo kimyakimya ingawa sheria imekataza, na sehemu zilizo karibu na barabara zimefyekwa sana. Mwaka 2019 kulipelekwa muswada bungeni wa kuipunguza hifadhi, ili waliofyeka wahalalishiwe. Kwa hiyo adui wa leo hatoki kusini na bunduki peke yake, anaweza kuwa mjukuu wa mgema mwenyewe, na mimi siwezi kumlaumu mtoto anayetaka ada ya shule.

Lakini angalia palipoenda vizuri. Mwaka 1999 jimbo la Acre lilipitisha sheria, nayo inaitwa kwa jina la Chico, ya kumwongezea mgema malipo juu ya bei ya soko kwa kila kilo ya mpira, kwa maelezo kwamba anailindia nchi msitu. Mwaka 2008 kikafunguliwa kiwanda cha kondomu palepale Xapuri kwa kutumia utomvu wa miti ya msituni. Kuna kampuni ya viatu ya Ufaransa, Veja, inayonunua mpira wa wagema wa Acre kwa bei ya juu ya soko kwa ajili ya soli. Pale ambapo msitu uliosimama ulileta hela nyumbani, watu waliulinda, na pale ambapo bei ilianguka na hakuna aliyejali, ng'ombe alishinda. Marina Silva, aliyekuwa pamoja na Chico kwenye empate akiwa binti na kuja kuwa waziri wa mazingira mwaka 2003 na tena 2023, amekuwa akipigania hilohilo miaka yote.

Nyie mna jambo moja ambalo wagema wa Acre hawana. Kule ardhi ni ya dola, ila kwa sheria yetu ya ardhi ya vijiji ya 1999 na sheria ya misitu ya 2002 msitu wa hifadhi ya kijiji uko chini ya kijiji chenyewe, na mapato ya kuvuna kihalali yanabaki kijijini. Hiyo ni nguvu kubwa mno na wengi hawaijui. Kwa hiyo kabla ya kukata kipande, mjumbe wangu, msiamue kwenye kamati. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, wekeni mezani hesabu ya kweli: mpango wa uvunaji unaruhusu miti mingapi ya mpingo na mninga kwa mwaka, bei gani mmeuza mara ya mwisho na ni nani aliyeipanga hiyo bei, hela zilikwenda wapi. Mara nyingi kijana anayetaka ufuta hajawahi kuona shilingi ya msitu ikifika nyumbani kwao, alichoona ni lori likipita. Mwonyesheni kwanza, mwingizeni kwenye doria na alipwe posho, mpeni nafasi ya kusoma daftari mwenyewe. Kama baada ya hapo mkutano bado unataka ufuta basi tafuteni eneo nje ya mpaka, kwenye mashamba yaliyoachwa, mkae na afisa misitu wa wilaya na mpango wa matumizi bora ya ardhi mkononi. Na mkishafanya mkutano tuandikieni mlichoamua na bei mliyoipata, tutaichapisha hapahapa ili vijiji jirani navyo vijue.